Jinsi ya kupata vigawanyo vyote vya 1,234,567,890 kwa kalamu na kikokotoo

Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuja na namba hii: "Mjomba, tumeambiwa tuorodheshe vigawanyo vyake vyote." Naifahamu, maana iliwahi kunimalizia jioni nzima, na jibu nililopata siku ile halikuwa sahihi.

Hatua ya 1. Ondoa vigawanyo vidogo. Namba inaishia na 0, basi 2 na 5 zinatoka. Jumla ya tarakimu zake ni 45, basi 9 inatoka. Gawa kwa 90, inabaki 13,717,421.

Hatua ya 2. Hapa usiwe na haraka. Njia ya darasani ni kujaribu kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo cha pili, ambacho ni 3,703 na ushee. Mimi nilianza na 7, 11, 13, nikaendelea mpaka karibu na 2,000. Hakuna iliyogawa, nikaandika "ni tasa". Kosa! Kigawanyo kilikuwa mbele, 3,607, namba tasa ya 504 ukihesabu kuanzia 2. Ukiishia njiani huna haki ya kusema namba ni tasa.

Siku hizi naanza na njia ya Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Tafuta vipeo viwili vya pili ambavyo tofauti yake ni namba yako. Anza na namba nzima iliyo juu tu ya kipeuo:

3,704² − 13,717,421 = 2,195. Si kipeo cha pili, kwani 46² ni 2,116 na 47² ni 2,209.

3,705² − 13,717,421 = 9,604. Hii ni 98²!

Basi vigawanyo ni 3,705 − 98 = 3,607 na 3,705 + 98 = 3,803. Majaribio mawili tu.

Lakini angalia. Toa 2 zote kwanza, kwa sababu namba witiri ikizidishwa kwa 2 haiwi kamwe tofauti ya vipeo viwili vya pili. Kikokotoo cha simu kikikupa kipeuo, usikiamini kwa macho: zidisha 98 × 98 mwenyewe. Na vigawanyo vikiwa mbalimbali sana, njia hii hukawia mno. Nikifika majaribio ishirini bila kitu narudi kwenye kugawa.

Hatua ya 3. Hakikisha 3,607 na 3,803 ni tasa. Kujaribu mpaka 61 kunatosha.

Hatua ya 4. Sasa tuna 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803. Ongeza 1 kwa kila kipeo (namba isiyoandikiwa kipeo, kipeo chake ni 1), kisha zidisha: 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48.

Usitafute vyote 48. Andika 24 vidogo: vigawanyo 12 vya 90, kisha 3,607 na 3,803, kila moja mara 1, 2, 3, 5, 6 na 9. Vilivyobaki ni wenzi wao, gawa tu. Jozi ya mwisho ni 34,227 × 36,070.