Namna ya Kuchukua Sampuli ya Maji ya Kisima cha Kando ya Mto wa Mjini ili Kupima Metali Nzito

Maji ya kisima kilicho kando ya mto wa mjini yanaweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha, na bado yakabeba risasi, kadimiamu au aseniki kwa kiasi kinachodhuru figo na ubongo wa mtoto. Kuyachemsha hakusaidii: vijidudu hufa, lakini metali hubaki, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo zinavyozidi kukolea. Kipimo cha maabara ndicho cha kutegemewa, ila maabara hupima kilichomo ndani ya chupa uliyoipeleka, na kwa maoni yangu majibu mengi huharibikia kisimani.

Kwanza tembea ukingoni uandike unachokiona, kwa sababu viwanda vya ngozi hutoa kromiamu, mahali pa kuyeyushia betri kuukuu hutoa risasi, na mitambo ya kupaka vyuma nikeli huacha metali hiyo katika majitaka yake. Kisha linganisha usawa wa maji kisimani na ule wa mto. Mto ukiwa juu zaidi, maji yake hupenya kuelekea kisimani. Ukiwa chini, chanzo kitafute upande wa nchi kavu, labda kwenye jalala. Pampu yenye nguvu inaweza kugeuza mwelekeo huo, hivyo pima ikiwa imezimwa na tena ikiwa inavuta.

Omba maabara ikupe chupa za plastiki zilizosafishwa kwa asidi. Usichote kwa ndoo ya mabati, maana zinki yake itaingia kwenye majibu yako. Kwa kisima cha bomba, toa maji yaliyotuama, kwa kawaida mara tatu ya ujazo uliomo, hadi vipimo vya pH (kiwango cha asidi majini) na vya uwezo wa maji kupitisha umeme vitulie.

Jaza chupa mbili: moja maji yaliyopita kwenye chujio cha mikromita 0.45, nyingine yasiyochujwa, ambayo ndiyo anayokunywa mtu. Zote zitiwe asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, lakini ile ya kwanza ichujwe kabla ya asidi kutiwa. Hatua hii ya kutia asidi hurukwa mara nyingi, na madhara yake huonekana kwa macho: maji yenye chuma yaliyotoka maangavu hugeuka rangi ya kutu, chembe zikazama chini ya chupa pamoja na aseniki iliyonata juu yake, na kipimo kikasoma pungufu. Zebaki huhitaji chupa yake na maelekezo yake.

Majibu yakija, tazama vizio kabla ya tarakimu, kwani miligramu 0.01 ni mikrogramu 10. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi na vilevile kwa aseniki, 3 kwa kadimiamu na 50 kwa kromiamu yote. Rudia kupima wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa kuwa usawa wa mto hubadilika.

Kiwango kikizidi, acheni mara moja kuyanywa na kuyapikia, hasa watoto na wajawazito, wala msitegemee klorini, kwa maana haiondoi metali. Wapeni majirani nakala ya majibu siku hiyohiyo, maana huenda visima vyao vinavuta kutoka tabaka lilelile la maji ya ardhini.