Zisome namba tatu za redioni kabla hujasaini mkopo

Mimi ni mweka hazina wa kikoba hapa Ngamiani, Tanga. Namba zenyewe ni mfumuko wa bei, ukosefu wa ajira na riba. Kila redio ikitangaza mfumuko wa bei umeshuka, wanakikoba hunijia juu: "Dada, mbona sukari bei ile ile?" Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Ukitoka asilimia 5 hadi 3, bei bado zinapanda, ila polepole.

Pima wa kwako. Andika daftarini vitu unavyonunua kweli: sembe, mafuta ya kula, mkaa, nauli, samaki. Mwakani, mwezi huo huo, andika tena. Toa bei ya zamani kwenye mpya, gawa kwa ya zamani, zidisha kwa 100. Cha 2,500 kikifika 3,000 kimepanda asilimia 20. Usilinganishe Julai na Januari: upepo wa kusi ukivuma vyombo vidogo havitoki ovyo, na bei ya samaki pale soko la Deep Sea haishikiki. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo hulinganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka jana. Yako ikizidi ya kwao usishangae. Kapu lao lina mambo mengi, wewe pesa yako yote inaishia jikoni.

Namba ya pili, ya ukosefu wa ajira, sitakawia nayo. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya wiki inayoulizwa ana ajira. Kijana aliyebeba tenga asubuhi moja tu, kwao si mkosa ajira. Kwa hiyo namba hiyo haikuambii kama mteja wako wa mkopo ataweza kulipa Ijumaa.

Sasa riba, penye kilio. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutangaza riba yake Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 Aprili, kisha Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Usiende benki kudai hiyo! Ni ya kuongoza mabenki yanapokopeshana. Wewe na mimi tunakopeshwa kwa karibu asilimia 15 kwa mwaka, na wakopeshaji wa mitaani hutaja ya mwezi ili isikutishe.

Tuseme umekopa 1,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikiwa ni riba bapa, unatozwa 35,000 kila mwezi hata deni likibaki kiduchu: jumla 420,000. Ikiwa inakokotolewa kwenye deni lililobaki, na deni unalipunguza sawasawa kila mwezi, jumla ni 227,500. Asilimia ni ile ile, tofauti ni 192,500, mtaji mzima wa genge.

Kwa hiyo usiulize "riba ngapi" ukanyamaza. Uliza inakokotolewa juu ya nini. Uliza ada ya fomu na bima, maana zikikatwa mwanzoni utaondoka na pungufu ya milioni huku riba ukilipia milioni kamili. Kisha omba jedwali la marejesho uangalie safu ya riba: kama mwezi wa kwanza ni 35,000 na wa kumi na mbili ni 35,000, hiyo ni bapa. Wakikunyima jedwali, chukua kitambulisho chako, nenda dirisha jingine.