Fundi mgeni nyuma ya jukwaa

Ukija kwetu Dar kufunga taa za jukwaa, vaa nyeusi, viatu vya kufunika vidole, na tochi ndogo mfukoni. Siku ya kwanza utatumwa ukalete "ndoo ya giza". Cheka, endelea na kazi. Ukinuna, watakutuma kila siku.

Msimamizi wa jukwaa akisema "dakika 5", yaani zimebaki 5 tuanze, jibu kwa sauti: "5, asante!" Hapo anajua umesikia.

Usipige mluzi. Inasimuliwa kwamba katika kumbi za zamani za Ulaya wavuta kamba za kupandisha na kushusha mapazia waliashiriana kwa mluzi, hivyo mluzi wa ovyo ungeweza kumshushia mtu mzigo kichwani. Siku hizi tunatumia redio za mkononi, lakini mimi anayepiga mluzi bado namtoa nje.

Utani unakoma mtu akipanda ngazi. Usimchekeshe, shika ngazi. Spana unayopanda nayo ifungwe kamba mkononi. Ikiponyoka, paza sauti "Vichwa!" kabla hujatazama inaangukia wapi.

Onyesho likiisha, kunja waya kwa kufuata mzunguko wake wenyewe. Ukiuzungusha kwenye kiwiko, unajisokota, nyuzi za ndani huchakaa na kukatika, na siku moja taa haiwaki.