Kinyonga Wako Akiugua: Mambo ya Kuweka Sawa Kabla, kwa Mfugaji wa Mtwara na Lindi

Asubuhi moja ya Julai, kusi likivuma tangu usiku, nilimkuta kinyonga wangu kwenye tawi la chini kabisa la banda, macho kayafumba. Ilikuwa saa tatu, jua limeshapanda. Nikadhani amelala. Mchana nikampita tena, bado kafumba. Jioni nikasema kesho nitamtazama vizuri. Kesho yake nikamkuta sakafuni.

Kinyonga mzima hafumbi macho mchana. Akifumba, tena wewe umesimama mbele yake, anaumwa, na mara nyingi ameanza kuumwa siku nyingi nyuma. Porini, mnyama mdogo anayeonyesha udhaifu anaishia mdomoni mwa nyoka au ndege, kwa hiyo huyu amezoea kujikaza mpaka nguvu zimwishie kabisa. Na huku kwetu, kumpata daktari aliyewahi kumshika kinyonga huenda kukakudai basi la siku nzima. Ukianza kuuliza siku ya ugonjwa, umechelewa. Ndiyo maana haya yote nayaandika kwa ajili ya wakati mnyama wako bado mzima, anakula, na wewe huna wasiwasi wowote.

Tuanze na karatasi. Kinyonga ni mnyamapori. Kumkamata au kummiliki kunataka kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na pa kuulizia ni kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania. Usilidharau hili ukaliona ni la ofisini tu. Mtu asiye na kibali anaogopa kumpeleka mgonjwa kwa daktari, na mnyama anafia ndani kwa woga wa mwenyewe. Na kama umemkuta tu juu ya mkorosho wako, mzima, anakula nzi, ushauri wangu ni umwache huko huko.

Kinyonga anayeonekana sana ukanda wetu ni yule wa kijani mwenye vipande vya ngozi vilivyolala shingoni kama masikio. Watu husema anageuka rangi afanane na alipokaa, na wanasiasa tumewabandika jina lake kwa sababu hiyo. Kaa naye wiki mbili utaona sivyo. Rangi yake inafuata joto, mwanga, hasira na afya. Asubuhi na mapema anajibana awe bapa, analigeuzia jua ubavu, anakuwa wa kahawia iliyokolea karibu na nyeusi. Akishapata joto, kijani kinarudi. Ukimwonyesha kinyonga mwenzake anatoa madoadoa na kufungua mdomo kwa hasira. Anapojivua ngozi anapauka, na ngozi inabanduka vipande vipande, si gamba zima kama la nyoka. Haya yote si ugonjwa. Kinachopaswa kukushtua ni weusi uliobaki mpaka saa sita ilhali jua lipo, au rangi iliyofifia siku nzima huku haondoki alipo.

Usiku mmulike kwa tochi mara moja, haraka. Kinyonga mzima analala juu, kwenye ncha ya tawi, amepauka, mkia umejikunja kama dawa ya mbu ya kuchoma. Anayelala chini leo wakati jana alilala juu, kesho mfuatilie kwa karibu. Mimi nilikuwa na hiyo tochi mfukoni siku zote, sikuitumia.

Sasa kifaa ninachokiona bora kuliko dawa yoyote: mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka kijiti juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha mwache kinyonga apande mwenyewe kwenye kijiti. Andika tarehe na uzito kwenye daftari kila wiki, siku ile ile, kabla ya kumlisha. Jike wangu wa pili alikuwa na gramu 62. Wiki moja akasoma 59, nyingine 56. Kwa macho alikuwa yule yule, na panzi alikula, ila daftari lilishasema kitu. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake bila kutaga mayai, usingoje dalili ya pili. Pembeni ya uzito andika alikula nini na choo kilikuwaje, basi. Daftari la kurasa nyingi za maelezo halidumu mwezi.

Choo chake kina sehemu mbili, ya kahawia na ya weupe, na huo weupe ndio mkojo wake. Ukigeuka njano iliyokolea au rangi ya chungwa, ukakauka kama chaki, mnyama ana kiu. Macho nayo huanza kudidimia. Wafugaji wengi huweka kibakuli cha maji na kushangaa, kwa sababu kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia. Anaramba matone yanayong'aa kwenye majani. Toboa chupa ya plastiki kwa pini, itundike juu ya banda, idondoke polepole asubuhi kwa nusu saa au zaidi. Akiwa na kiu kali, ongeza muda wa matone na umnyunyizie maji kwa chupa ya kupulizia. Usimfungue mdomo ukammiminia. Tundu la hewa liko pale pale mbele mdomoni, na maji yakiingia huko yanaishia kwenye mapafu.

Mdomo wazi una maana mbili, na usipozitofautisha utamtibu kinyume. Aliyekaa juani, amepauka, mdomo wazi, amezidiwa na joto: mpeleke kivulini, na baada ya dakika chache ataufunga. Aliye mahali pa baridi na bado mdomo u wazi, kichwa amekiinua juu, unasikia mlio mdogo wa kupasuka-pasuka au unaona povu pembeni ya midomo, huyo anaumwa mapafu. Huku kwetu wakati wa hatari ni kusi, Juni hadi Agosti, banda likiwa kwenye baraza inayopigwa na upepo usiku kucha. Andaa mapema mkeka au turubai la kukinga upande wa kusini, lakini hewa iendelee kupita. Ugonjwa wenyewe unahitaji dawa ya daktari. Kuna jirani alinishauri nimfukizie majani kama tunavyojifukiza wenyewe. Nilimshukuru, sikufanya. Mvuke unaotufaa sisi unamchemsha yeye.

Mifupa ni habari ndefu zaidi, na ndiyo inayoua polepole vinyonga wengi wa kufugwa. Bila madini ya kalsiamu na bila mwanga wa jua wa moja kwa moja, mwili wake unaila mifupa yake mwenyewe. Utaona miguu inapinda kama upinde, anatembea tumbo likigusa tawi, taya linakuwa laini, na ulimi, ambao ni sifa yake, unarushwa nusu njia na kumkosa panzi. Mwenye banda atasema ana shabaha mbovu siku hizi. Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena. Unachoweza ni kuzuia isizidi. Banda la wavu nje, nusu jua nusu kivuli cha mmea, linatosha hapa pwani bila taa yoyote ya kununua. Tangi la kioo la samaki usilifikirie kabisa: kioo kinazuia miale ile anayoihitaji na kinaacha joto limpike. Kwa kalsiamu, chemsha maganda ya mayai, yaanike, yasage yawe unga, uwapake kidogo wadudu kabla ya kumpa. Ukitembea ufukweni Mikindani au Lindi utaokota pia ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa jamii ya ngisi. Osha, anika, kwangua unga wake. Chokaa ya kupaka ukutani hapana, inaunguza.

Wadudu nao wana msimu wao wa hatari. Kuanzia karibu Mei mashamba yanapuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na dawa za kuua mbu wa mikorosho hufuata. Panzi aliyekamatwa chini ya mkorosho uliopuliziwa ni sumu inayotembea. Kinyonga aliyekula wadudu hao anaweza kutetemeka, kushindwa kushika tawi, kuanguka na kukakamaa. Ukiona hivyo toa wadudu wote bandani, mwagie mwili maji safi kama ametuliwa na unga wa dawa, mweke mahali patulivu penye kivuli na mpigie daktari hapo hapo. Maziwa tunayokimbilia mtu akila sumu usimpe, tumbo lake halikuumbiwa maziwa. Kinga ni kufuga nyenje au mende wako mwenyewe ndani ya ndoo yenye matrei ya mayai, wale maganda ya mboga, kabla msimu wa kupuliza haujaanza. Na muulize jirani anapuliza lini. Banda lililo upande upepo unakoelekea lihamishwe siku hiyo.

Ukiwa na jike, kuna jambo moja zaidi, nalo halisubiri dume. Jike mzima anaweza kubeba mayai hata kama hajawahi kukutana na dume. Atanenepa, atapunguza kula, ataanza kushuka chini na kukwangua-kwangua pembe za banda. Ndoo ya mchanga uliochanganywa na udongo, kina cha sentimita 30 hivi, wenye unyevu wa kutosha kushika shimo bila kubomoka, iwe tayari ndani kabla ya dalili hizo. Kisha funika banda kwa shuka umwache. Akiona anachunguliwa anaacha shimo. Akichimba na kuacha, akachimba na kuacha, halafu akalegea na kufumba macho, mayai yamekwama. Hapo hesabu saa, si siku.

Kuhusu daktari, nenda sasa hivi, mnyama akiwa mzima. Mimi nilikwenda kwa ofisa mifugo mmoja, mtu mzima mwenye kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetuletea nini?"

Nilipofungua kikapu alirudisha kiti nyuma hadi kikagonga kabati. "Mwanangu, mimi nimesomea ng'ombe na mbuzi. Huyu, bibi yangu angekuambia umeleta mkosi ofisini."

Tulicheka, lakini hatukuachana hivyo. Nilimwuliza kama anaweza kupima choo kwa darubini kutafuta mayai ya minyoo, akasema choo ni choo. Hilo tu ni msaada mkubwa, maana kinyonga aliyetoka porini mara nyingi ana minyoo. Mtwara ipo pia maabara ya mifugo ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za veterinari. Waulize mapema wanapokea sampuli ya namna gani. Choo kiwe cha siku hiyo, ndani ya kichupa safi kutoka duka la dawa, kikiwa mahali pa baridi lakini kisigandishwe. Tafuta pia namba ya daktari wa wanyama wa Dar es Salaam aliyezoea wanyama watambaao, au uulizie Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinakofundisha udaktari wa mifugo. Daktari atakayepata picha yake akiwa mzima, picha ya leo na kurasa tatu za daftari anaweza kumwelekeza ofisa mifugo wa hapa kwa simu. Ukimtumia sauti inayosema "kinyonga wangu hayuko sawa," atakosa pa kuanzia.

Kwenye kisanduku cha dharura weka vitu vichache: bomba la sindano la mililita 1 bila sindano yake, maji ya chumvi ya hospitali kwa kuoshea jicho, pamba, tochi, mizani. Nitakaza zaidi kwenye visivyotakiwa humo. Dawa ya minyoo ya kuku, antibiotiki iliyobaki ya mtoto, na hasa matone ya vitamini A. Kinyonga akivimba macho mtu atakuambia ni upungufu wa vitamini A, na pengine ni kweli. Lakini kile kidonge laini cha kliniki, cha bluu, kina yuniti 100,000, na chekundu 200,000, vipimo vya mtoto wa kilo nyingi. Mnyama wa gramu 62 anaweza kufa kwa tone lake. Sabuni isikosekane, ya kwako wewe: wanyama hawa hubeba salmonela bila kuumwa, kwa hiyo nawa kila ukimgusa, usioshee vyombo vyake kwenye sinki la jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wamtazame tu.

Mwisho ni safari, kama itabidi. Kikapu kidogo chenye mfuniko, ndani ukakaze kijiti cha kushikilia, juu ufunike kitambaa chepesi chenye unyevu. Gizani anatulia. Nakala ya kibali itie kwenye mfuko wa plastiki uufunge kwenye mkono wa kikapu, maana kwenye vizuizi vya barabarani utaulizwa, na saa sita mchana si wakati wa kupekua begi. Basi likitoka Mtwara alfajiri kwenda Dar es Salaam jua linapiga upande wa kulia hadi mchana, kisha linahamia kushoto. Omba kiti cha upande wa njia, mbali na dirisha, na kikapu kikae mapajani, sio kwenye buti.