Vichupo vinavyopotea na madirisha yanayofunguka yenyewe katika VS Code

Katika VS Code, programu ya kuandikia msimbo, umebofya faili moja, ukabofya la pili, la kwanza limetoweka. Hakuna kilichoharibika. Tazama jina kwenye kichupo (tab) cha faili, juu ya dirisha: likiwa kwa herufi za mlazo, hicho ni kichupo cha kuchungulia tu, na faili linalofuata hukalia nafasi yake. Ukilibofya mara mbili, au ukiandika hata herufi moja ndani yake, herufi husimama wima na kichupo hubaki.

Kuzima tabia hiyo moja kwa moja, bonyeza Ctrl na alama ya mkato (,), mipangilio ifunguke. Tafuta workbench.editor.enablePreview, ondoa tiki. Kwa anayelinganisha mafaili mengi, huu ndio mpangilio wa kubadili kwanza.

Madirisha ni suala jingine. Faili likifunguliwa kutoka nje ya programu, window.openFilesInNewWindow ndiyo inayoamua: weka off, litaingia kwenye dirisha lenye folda yake au ulilotumia mwisho. Mafolda yana mpangilio wao, window.openFoldersInNewWindow, na hapo ndipo wengi hukwama: wamebadili mmoja wakidhani umegusa yote. Kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, code -r hutumia dirisha lililopo, code -n hufungua jipya.