Malipo ya Kadi Dukani: Nani Anawajibika kwa Nini, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa wenye maduka, farmasi, hoteli na vituo vya mafuta vya Lubumbashi ambao wamewekewa mashine ya kadi, ile TPE inayokaa kando ya kaunta. Kazi yangu ni kuzifunga mashine hizo na kuwafundisha makeshia wanaozitumia. Swali ninaloulizwa zaidi halihusu vitufe vya mashine. Watu hutaka kujua wampigie nani simu mambo yanapokwama. Jibu lake hufuata mikataba: kila mmoja humdai yule aliyetia naye saini. Mteja ana mkataba na benki yake, na wewe una mkataba na benki yako. Kati yako na benki ya mteja hakuna karatasi yoyote, kwa hiyo kuipigia simu benki hiyo ni kupoteza salio bure.

Hatua ya kwanza: wajue wahusika

Mteja mwenye kadi unamwona mbele yako. Nyuma yake iko benki iliyotoa kadi, ambayo inashika akaunti yake, inahakiki namba yake ya siri, na ndiyo yenye mamlaka ya kukubali au kukataa malipo. Upande wa pili uko wewe, na nyuma yako iko benki iliyokuwekea mashine, ambayo inapokea maombi yako, inakulipa, na inajibu kwa niaba yako mbele ya wengine. Katikati uko mtandao wa kadi, kwa mfano Visa au Mastercard. Wengi hudhani mtandao huo ndio unaotoa kadi na kushika pesa, lakini sivyo: kazi yake ni kupitisha ujumbe, kuweka kanuni na kukokotoa benki ipi inaidai nyingine kiasi gani. Mara nyingi benki hukodi pia kampuni ya kuchakata ujumbe, ila kampuni hiyo haikuhusu moja kwa moja, kwa sababu makosa yake hubebwa na benki iliyoikodi. Juu ya wote iko Benki Kuu ya Kongo, ambayo Sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 imeipa jukumu la kuangalia mifumo ya malipo nchini.

Chukua mfano wa mteja mwenye kadi ya benki ya Rawbank anayelipa kwenye mashine ya TMB, benki iliyoanzishwa hapa Lubumbashi mwaka 2004. Ombi hutoka kwenye mashine, hufika TMB, hupita kwenye mtandao wa kadi, huingia Rawbank, kisha jibu hurudi kwa njia ile ile, yote kwa sekunde chache. Iwapo kadi na mashine ni za benki moja, ujumbe kwa kawaida hautoki nje ya benki hiyo. Ndiyo maana siku ambayo njia ya nje imekatika utaona kadi za baadhi ya wateja zinapita na za wengine zinagoma, na keshia asiyejua hili huanza kuilaumu mashine.

Hatua ya pili: soma mkataba kabla mashine haijafungwa

Tafuta mambo manne: asilimia ya kamisheni utakayokatwa, muda wa pesa kufika kwenye akaunti yako, sarafu zinazokubaliwa, na muda uliopewa kujibu malalamiko ya mteja. Kamisheni haibaki yote kwa benki yako. Sehemu yake huenda kwa benki iliyotoa kadi na sehemu nyingine kwa mtandao wa kadi, kwa hiyo kadi iliyotolewa ng'ambo inaweza kukugharimu zaidi. Ukitaka kujadili bei, jadili na benki yako, na ufanye hivyo kabla ya kusaini.

Andika pia namba mbili za utambulisho, ya mashine yenye herufi 8 na ya duka yenye herufi 15. Zote huchapwa kwenye tiketi, yaani risiti inayotoka kwenye mashine. Unapopiga simu ya msaada ndizo utakazoulizwa kwanza, na keshia anayezisoma bila kusitasita huhudumiwa haraka.

Hatua ya tatu: chagua sarafu kabla ya kuandika kiasi

Hapa kwetu dola na faranga hutembea pamoja mchana kutwa, na mashine inaweza kuwa imepangwa kupokea zote mbili. Ndani ya ujumbe sarafu haiandikwi kwa jina, bali kwa namba: 840 ni dola ya Marekani na 976 ni faranga ya Kongo. Keshia akiandika 28000 huku mashine ikiwa upande wa dola, benki ya mteja itaona ombi la dola elfu ishirini na nane, na itakataa kama mteja hana kiasi hicho. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kiasi kidogo. Keshia anayekusudia faranga 500 akaandika 500 upande wa dola anaweza kumkata mteja tajiri dola mia tano bila mashine kulia. Kuhakikisha sarafu na kiasi ni wajibu wa duka, na kumwonyesha mteja kioo kabla hajaweka namba ya siri ni sehemu ya wajibu huo.

Mteja akilipa faranga kwa kadi yenye akaunti ya dola, ubadilishaji haufanyiki kwako. Kiwango kinatoka upande wa mtandao na benki yake. Manung'uniko yake ayapeleke huko.

Hatua ya nne: mwachie mteja kilicho chake

Mteja huingiza kadi mwenyewe na huandika namba ya siri mwenyewe. Mashine huifunga namba hiyo kwa usimbaji kabla haijatoka, kwa hiyo wewe hupaswi kuijua hata kwa nia njema. Usiandike namba za kadi kwenye daftari, wala usipige picha kadi. Zile tarakimu tatu za nyuma haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa, na kanuni za usalama za mitandao ya kadi hazimwachi hata mfanyabiashara mdogo nje.

Tumia chipu, kile kibati kidogo kwenye uso wa kadi, kila inapowezekana. Kwa ujumla, kadi bandia ikipita kwa mstari wa sumaku kwenye mashine isiyosoma chipu, hasara huangukia upande wa duka na benki yake; mashine ikisoma chipu ipasavyo, hasara huhamia kwa benki iliyotoa kadi.

Hatua ya tano: lisome jibu, ujue ni nani anayeongea

Neno «imekataliwa» peke yake halisemi kitu. Tazama namba iliyo pembeni. Jibu 51 lina maana kwamba fedha hazitoshi, 54 kwamba muda wa kadi umekwisha, 55 kwamba namba ya siri si sahihi, na 05 kwamba benki imekataa bila kutaja sababu. Haya yote huhusu kadi na akaunti yake, na mteja ndiye anayepaswa kuiuliza benki yake. Usimuulize sababu mbele ya foleni, mwambie kwa heshima, «Mama, benki yako haijaruhusu malipo haya, tujaribu njia nyingine.» Jibu 91 lina maana kwamba benki iliyotoa kadi haipatikani, yaani ujumbe ulitoka dukani lakini mwenye kujibu hakujibu. Namba 03 na 58 ni hadithi nyingine: hizo humaanisha duka au mashine yako haijasajiliwa sawasawa, na hapo mpigie benki yako mara moja.

Mashine ikisema haina mawasiliano, basi ombi halijatoka dukani kabisa. Kagua laini ya simu iliyo ndani yake na chaji ya betri, hasa baada ya umeme kukatika.

Hatua ya sita: pesa zimekatwa lakini tiketi haikutoka

Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Benki ya mteja imekubali na imezuia kiasi hicho kwenye akaunti yake, simu yake imepokea ujumbe, lakini jibu limepotea njiani na mashine yako haikuchapa kitu. Mteja anakuonyesha simu: «Papa, pesa zimeshatoka kwenye konti yangu!» Anasema kweli, na wewe pia unasema kweli ukimwambia kwamba hujalipwa. Kuzuia pesa na kuzihamisha ni mambo mawili tofauti: idhini huzuia tu, na uhamisho huja baadaye.

Mashine isiyopata jibu kwa wakati imepangwa kutuma ujumbe wa kubatilisha ombi lake. Kuutuma ni wajibu wa mashine na benki yako, na kuachilia pesa zilizozuiwa ni wajibu wa benki iliyotoa kadi. Kabla hujapitisha kadi mara ya pili, chapa nakala ya muamala wa mwisho na uangalie hali yake. Ukiona idhini yenye namba ya herufi 6, malipo yamepita, mpe mteja bidhaa. Usipoiona, andika saa, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi na namba ya rejea yenye herufi 12 iwapo ipo, umpe mteja nakala aipeleke benki yake, nawe uijulishe yako. Usimrudishie noti kutoka kwenye droo: benki yake ikimwachilia pesa zake baadaye, atakuwa amelipwa mara mbili kwa hasara yako. Na kama malipo yalipita kweli na unataka kuyafuta, marejesho hurudi kwenye kadi ile ile kupitia mashine.

Hatua ya saba: funga hesabu na ulinganishe

Kila jioni fanya ufungaji wa siku kwenye mashine, isipokuwa kama benki yako imeipanga ijifunge yenyewe. Malipo yaliyoidhinishwa hupelekwa kama fungu, mtandao hukokotoa madai ya kila benki, kisha benki hulipana na yako hukuwekea pesa baada ya kukata kamisheni. Fungu lisipotumwa, idhini zinaweza kuisha muda na pesa zikarudi kwa wateja, ingawa bidhaa zimeshaondoka. Linganisha jumla ya mashine, tiketi na taarifa ya akaunti, na usishangae jumla ya akaunti ikiwa ndogo kwa kiasi cha kamisheni. Tofauti nyingine yoyote iulize siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: mteja anapopinga malipo

Mteja hulalamika kwa benki yake, si kwako. Kwa kadi za Visa, muda wa benki hiyo kufungua madai kwa kawaida ni hadi siku 120, na kwa huduma ambayo bado haijatolewa hesabu huweza kuanza baadaye. Pesa huweza kuondolewa kwenye akaunti yako kwanza, kisha benki yako ikakuomba ushahidi: tiketi, ankara, hati ya kupokelewa kwa mzigo. Benki yako ndiyo inayokutetea, lakini haiwezi kutetea kwa karatasi isiyokuwa nayo, na duka likichelewa kujibu hushindwa hata kama lina haki. Tiketi za karatasi hufifia zikikaa karibu na joto. Zipige picha mapema, ukiwa na uhakika kwamba namba nzima ya kadi haionekani.