Kuagiza chakula cha Kihindi Uingereza: anza na jiko, pilipili baadaye

1. Jua nani anapika. Migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi Uingereza ilifunguliwa na watu wa Sylhet, Bangladesh. Nyingi huandaa mapema sufuria kubwa la rojo ya vitunguu. Mteja akiagiza, rojo inatiwa bizari na nyama, na dakika chache tu chakula kiko mezani. Ndiyo maana michuzi ya korma, Madras na vindaloo ya huko hupishana zaidi kwa ukali. Vindaloo ya Goa ni habari nyingine kabisa: siki na kitunguu saumu, asili yake Ureno.

2. Fuata mtaa. Southall, London, ni kwa Wapunjabi, kwa hiyo agiza nyama ya tanuri na dengu. Tooting, pia London, utapata dosa, chapati nyembamba ya unga uliochachushwa. Ealing Road ya Wembley na Belgrave Road ya Leicester ni kwa Wagujarati, na wengi walitokea Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Ukisoma "mogo" kwenye menyu, ni muhogo wetu huohuo. Kuku paka naye ni kuku wa nazi, usiogope jina.

3. Kwa watu wawili: mchuzi mmoja wa nyama, mboga moja kavu, bakuli la dengu, sahani moja ya wali, naan mbili. Watu hukosea hapa kwa kuchukua michuzi mitatu, yote ya nyanya na krimu. Ukifika wa pili ulimi umeshachoka. Naan ije pamoja na mchuzi, kwani ikipoa huwa kama ngozi.

4. Dosa haingoji picha. Imegee kwa mkono wa kulia, chovya kwenye sambar, mchuzi wa dengu. Ukiimwagia juu inalegea. Uchachu kidogo ni sawa, maana unga wa mchele na choroko nyeusi huchachushwa kwanza.

5. Biriani: uliza kama imepikwa kwa dum, yaani nyama na wali pamoja, chungu kikiwa kimezibwa. Punje zenye rangi tofauti ni dalili njema. Wali wa manjano mtupu na bakuli la mchuzi pembeni? Huenda umekaangwa sasa hivi na nyama iliyopikwa kando. Afadhali wali mweupe.

6. Ukiungua, acha maji, kwani ukali wa pilipili hauyeyuki humo. Kunywa lassi, kinywaji cha mtindi, au kula raita, mtindi wenye mboga.